Re: Mama kaambiwa moyo umefeli, ndo basi tena?

Mkuu pole na mama. Moyo kufeli sio kwamba umesimama, aisee, unapiga ila pampu imechoka, damu haisukumwi inavyotakiwa ndo maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu, ndo maana usiku unasema anataka mito mitatu alale kama amekaa. Bi mkubwa wangu alianza hivyohivyo, tukahangaika na dawa za pumu miezi miwili kumbe presha ilishauchosha moyo siku nyingi. Tulivyofika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili daktari akambonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu, shimo likabaki, halafu akampima eko (ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) tukauona moyo kwenye skrini umetanuka, unapiga kivivu.

Sasa hivi kazi kubwa iko nyumbani. Mizani kila asubuhi akitoka chooni kabla ya chai, akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 tunampigia daktari hatusubiri kliniki. Ng'onda na chumvi ya mezani asahau (alinuna wiki nzima!). Diklofenaki, zile za maumivu za duka la dawa, achaneni nazo, zinashikilia maji. Na Lasix, ile dawa ya kukojoza maji, anywe asubuhi, akinywa usiku hamlali nyote.