Samaki Haji Huku: kwa Mnaoanza Kazi ya Kuhamisha Watu wa Mabondeni

Wadogo zangu mlioripoti kazini mwaka huu, uwe umepangiwa mipango miji, ardhi, maendeleo ya jamii au uratibu wa maafa, ipo siku mvua itanyesha usiku kucha, asubuhi mkurugenzi akuite akuulize watu wa bondeni wapelekwe wapi. Mimi niliitwa hivyo nikiwa na miaka miwili kazini. Nilikuwa na ramani mkononi, nikadhani nina jibu. Ninayowaandikia nimeyajua baadaye, na mengi nimefundishwa na watu niliowahamisha vibaya.

Nianze na mama mmoja muuza samaki. Alikuwa akiishi bondeni Dar es Salaam, chumba na sebule, ukuta wa nyuma umepakana na mfereji. Saa kumi alfajiri alikuwa kituoni, akashuka Feri, akanunua vibua mnadani, na saa tatu alikwisharudi, kikaango kiko motoni. Aliuza barazani kwake hadi magharibi. Wateja wake walikuwa majirani, watu wa gereji na wapita njia. Hakulipia fremu, na mjukuu alilelewa na jirani wa chumba cha pili.

Tukampa kiwanja pembezoni mwa jiji. Nilimtembelea mwezi wa tatu. Kiwanja kilikuwa kikavu, bikoni zote nne zinaonekana, ameshapanda mpapai. Alinitandikia mkeka, akanipa maji ya kunywa, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, kiwanja mmenipa na Mungu atawalipa. Ila samaki haji huku." Basi la kwanza lilitoka saa kumi na moja, akafika Feri mnada umekwisha, vilivyobaki vimepanda bei. Nauli ya kwenda na kurudi ilimeza faida. Na hata angewapata hao samaki, nani angewanunua pale? Majirani wote walikuwa wamehamishwa kama yeye, hawana kitu.

Nilipopita tena, alikuwa amepanga chumba ng'ambo ya bonde lile lile. Siku tano analala huko, mbili anarudi kwa wajukuu. Kwenye daftari langu kaya yake ilikuwa na tiki: imehama. Tiki ile niliiweka mimi. Ikapanda juu, ikajumlishwa na nyingine, ikawa asilimia kwenye taarifa ya robo mwaka.

Tangu hapo sijachora kiwanja kabla sijajaza kile ninachokiita karatasi ya siku. Kaa na kaya ishirini, moja baada ya nyingine, uandike siku yao tangu alfajiri: nani anatoka saa ngapi, anapanda nini, nauli kiasi gani, anarudi na nini, mtoto anabaki na nani, mgonjwa anachukulia dawa wapi. Kisha chukua eneo jipya ulilopewa na ujaze karatasi ile ile upya, kwa nauli za huko na saa za huko. Familia ikiwa haimalizi siku kwenye karatasi, haitaimaliza kwa miguu. Kazi hiyo inachukua wiki moja. Utaambiwa hakuna muda. Iombe hiyo wiki kwa maandishi, jibu litakalokuja liweke kwenye faili.

Kanuni za fidia za mwaka 2001 mtazisoma zote, lakini someni kwa makini sehemu ya posho ya usafiri. Inalipa gharama ya kubeba tani kumi na mbili za mizigo kwa umbali usiozidi kilomita 20. Ukiona eneo lililochaguliwa liko mbali kuliko hapo, simama ujiulize. Sheria inahesabu safari ya kabati na vitanda mara moja tu. Safari ya kila siku ya mwenye kabati haimo popote.

Mifano mikubwa iko wazi, na kila anayeingia kazi hii lazima aijue. Mafuriko ya Desemba 2011 Dar es Salaam yaliua watu wapatao 40, kwa mvua zilizoelezwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954. Walionusurika Jangwani na kwingineko bondeni walipewa viwanja Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, wakaanzia kwenye mahema. Wapo waliovumilia, wakajenga, na leo pale ni mtaa wenye watu wake. Wapo pia waliouza wakarudi. Desemba 2015 zikaja alama za X kwa rangi nyekundu kwenye nyumba za kubomolewa, na matingatinga. Kisha mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, ndimo Jangwani ilimo, na safari hii nyumba zikathaminiwa, wenye nazo wakalipwa, na bonde lenyewe likapangiwa kazi: daraja jipya la Jangwani, kupanua njia ya mto, bustani ya jiji.

Hilo la mwisho ndilo nataka mlishike. Kati ya 2011 na 2015 bonde liliachwa tupu, na bonde tupu katikati ya jiji halikai tupu miaka miwili. Mpango wa kuhamisha watu unahitaji kurasa mbili zenye uzito sawa, moja ya wanakokwenda na moja ya wanakotoka. Nimeona mipango mingi isiyo na ukurasa wa pili.

Kuna mfano wa zamani zaidi, na kwangu huo una mafunzo kuliko yote. Warufiji, watu wa bonde la Mto Rufiji, wameishi na mafuriko vizazi na vizazi. Maji yakipanda, wao wanapanda madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti. Maji yakishuka, wanalima mlau kwenye tope lililoachwa na mto. Baada ya mafuriko ya 1968 Serikali ikaendesha Operesheni Rufiji, ikawatoa bondeni na kuwaweka kwenye vijiji vya miinukoni. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, maji ya bomba, usalama. Lakini udongo wa juu ni mchanga, na ule mweusi wenye rutuba ulibaki chini. Kwa hiyo nyumba ikawa juu na shamba likawa chini. Msimu wa mazao baba na mama wanashuka kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko, wanalala madunguni wiki kadhaa. Watoto wanabaki na bibi kijijini au wanaacha shule wakafuata wazazi.

Zaidi ya nusu karne imepita tangu operesheni ile. Aprili 2024, maji yalipopanda Rufiji na Kibiti hadi Muhoro, kilio cha kwanza nilichosikia kwenye simu kilikuwa cha mashamba. Tarehe 25 mwezi huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa watu 155 wamefariki nchini na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Unapozisoma takwimu hizo ukiwa ofisini, mawazo yanakimbilia nyumba. Mimi huanza kuuliza ni wangapi walikuwa shambani, walifikaje huko, na je, kulikuwa na mtumbwi? Kama watu wataendelea kulima bondeni, na Rufiji wataendelea, basi mpango wenye akili unaweka bajeti ya njia ya kupanda juu, mitumbwi, tahadhari inayofika madunguni na ghala la mbegu mwinukoni. Kumwambia Mrufiji asishuke ni kumwambia asile.

Nirudi mjini, kwa wapangaji, maana hapa tumekosea wengi.

Orodha za kuhamisha watu kwa kawaida huandikwa kwa nyumba. Mthamini anakuja, anapima jengo, anampiga picha mwenye nyumba ameshika namba kifuani. Nyumba moja niliyoisimamia ilikuwa na vyumba sita na familia sita. Mwenye nyumba alikuwa akiishi mtaa mwingine kabisa, pakavu. Yeye akalipwa, wale sita wakapewa notisi. Mmoja alikuwa kijana kutoka Shinyanga, dereva wa guta. Alikuja mjini baada ya mvua kukosa misimu miwili na ng'ombe wa baba yake kuisha. Chumba cha bondeni ndicho alichokimudu. Kwetu alikuwa mpangaji tu, hana haki ya fidia. Ukimtazama vizuri, alikuwa anahamishwa na hali ya hewa mara ya pili: kwanza na ukame, sasa na maji. Aliniuliza, "Kaka, na sisi je?" Sikuwa na fomu yake. Nilimwona tena baadaye, kwenye kijito kingine.

Kwa hiyo hesabuni kwa chumba, msihesabu kwa paa. Nendeni na mjumbe wa shina, maana yeye anajua nani analala wapi, na nendeni jioni, kwa kuwa mchana mtawakuta watoto peke yao. Muulize kila mtu ametoka wapi na kwa nini. Mwaka 2021 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa ifikapo 2050 watu hadi milioni 216 wanaweza kuhama ndani ya nchi zao wenyewe kwa sababu ya tabianchi, milioni 86 kati yao Afrika kusini mwa Sahara. Watu hao hawatakuja kwa msafara wenye bendera. Watakuja mmoja mmoja, na basi la usiku, kwa ndugu aliyetangulia, na ndugu huyo anaishi bondeni. Ofisi isiyowauliza wapangaji wametoka wapi haitauona uhamaji huu hata ukipita mlangoni kwake.

Angalieni pia maneno mnayoyaandika. Kwenye dokezo langu la kwanza niliandika "wavamizi." Bosi wangu mmoja, mama mtaratibu sana, aliniita akafungua droo, akanionyesha leseni za makazi ambazo Serikali yenyewe ilizitoa mabondeni, risiti za kodi ya majengo, namba za LUKU. Akaniambia nichague neno lingine au nieleze mvamizi analipaje kodi. Neno hilo likishaingia kwenye dokezo linatembea: mwanasheria analinukuu, mthamini analifuata, na mwisho mtu anapata kifuta jasho badala ya fidia, au hapati kabisa. Andikeni "wakazi." Haki zao zichambuliwe na sheria, zisikatwe na kalamu yako.

Wenyeji wa eneo jipya nao. Ardhi inayoonekana pori kwenye picha ya setelaiti ina mwenyewe: kuna malisho, kuna miembe ya mtu, kuna makaburi. Mkutano mkuu wa kijiji si mhuri wa kugonga baada ya greda kupita. Nenda mapema, salimia wazee, zunguka nao kwa miguu. Muulize mwalimu mkuu ana madawati mangapi na mwenye kisima foleni inaisha saa ngapi. Ukileta kaya mia mbili bila bomba la pili, ugomvi utakaotokea kisimani utaitwa wa wahamiaji na wenyeji, kumbe chanzo chake ni bomba.

Kuhusu fedha nitasema kidogo, maana mtajifunza wenyewe haraka. Fedha ya maafa huja baada ya maafa, ilhali kupima viwanja, kuchonga barabara na kuvuta maji kunahitaji fedha kabla. Bajeti ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla ya Julai, kipindi ambacho mafuriko ya masika yaliyopita yamekwisha kusahaulika. Dawa niliyoipata ni ya rangi na brashi. Maji yakishashuka tu, kabla watu hawajapiga chokaa, pita bondeni na mwenyekiti wa mtaa, chora mstari mahali maji yalipofikia, andika tarehe, pima kwa futi kamba, piga picha. Ukuta wa msikiti mmoja nilipima sentimita 94 kutoka sakafuni. Imamu alishika ncha ya chini ya futi, akawaita vijana wasimame pembeni ya mstari tupate kimo. Picha ile niliiweka mbele ya kamati ya fedha, na diwani aliyekuwa akisema tunatia watu hofu akauliza ni nyumba ya nani inayoonekana nyuma, maana aliijua. Tulipata fedha ya kupima viwanja mwaka huo. Si vyote tulivyoomba, lakini vya kuanzia.

Viwanja hivyo tulivichagua kwa karatasi za siku, vituo viwili tu vya daladala kutoka sokoni. Ni vidogo kuliko vile vya kwanza, na wakubwa walilalamikia udogo wake. Mama wa samaki hakuwemo kwenye orodha ile kwa sababu kitabuni alikwishahamishwa. Nimeandika barua ya kufuta ile tiki. Wiki ijayo nakwenda naye kwa mtendaji wa kata, na mmoja wenu atakayependa kuona karatasi ya siku inavyojazwa aje. Tunatoka saa kumi alfajiri, tunaanzia Feri.