Wanaochelewa Kufika: Kwa Wanaoanza Kazi Katika Idara ya Dharura

Janga la maradhi likizuka, foleni ya walioumia nyayo na vifundo vya miguu hufupika upesi, na ninyi mnaoanza kazi mnaweza kudhani kwamba watu wameacha kuumia. Kupungua huko kuna sababu za aina mbili, na msipozitenganisha mtawakosea wagonjwa.

Aina ya kwanza ni nafuu ya kweli. Hapa Kenya, baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa tarehe 13 Machi 2020, shule zilifungwa, mechi zikasimamishwa, na kuanzia tarehe 27 mwezi huohuo kafyu ikawazuia watu kutoka nje tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Asiyecheza mpira hateguki uwanjani, wala asiyepanda bodaboda usiku haanguki nayo.

Aina ya pili, inayonitia wasiwasi hadi leo, ni ya wale wanaoumia wakabaki nyumbani: mama aliyeteleza kwenye ngazi, fundi aliyeanguka kutoka juu ya paa, ambao huogopa kuambukizwa hospitalini, au hukosa gari usiku, au kibarua kimesimama na nauli haipatikani. Hukandwa kwa maji moto, hufungwa kitambaa, husubiri. Wakifika baada ya wiki mbili au tatu, mfupa uliovunjika umeshaanza kuunga ukiwa umepinda, na pengine upasuaji utahitajika pale ambapo awali plasta ingetosha.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe: uliumia lini? Jibu lake hugusa hata vigezo tunavyovitegemea. Kanuni za Ottawa, zilizotungwa Kanada na Ian Stiell na wenzake mwaka 1992, hutuelekeza kupiga eksirei ya kifundo ikiwa mgonjwa anaumia akibonyezwa kwenye ncha au ukingo wa nyuma wa kinundu cha mfupa, cha nje au cha ndani, katika sentimita 6 za mwisho za chini za mfupa huo, au ikiwa alishindwa kutembea hatua nne pale alipoumia na anashindwa tena mbele yenu. Ni kanuni nzuri mno, nami huzifundisha kwa moyo wote. Lakini utafiti uliozizaa haukuwahusisha walioumia zaidi ya siku 10 kabla ya kufika, na hao ndio ambao janga hutuletea. Kwao, msisite kupiga eksirei.

Mwenye kisukari akisema mguu hauumi, bado mvueni viatu na soksi zote mbili, mlinganishe joto la nyayo kwa mgongo wa mkono. Mguu uliovimba na wenye joto, hata bila maumivu, huenda mifupa yake inaharibika huku mwenyewe akiendelea kuukanyagia.

Katika rejista andikeni tarehe mbili, ya kuumia na ya kufika. Yenye tarehe ya kufika pekee itaonyesha idadi ikishuka, lakini haitaonyesha ni nani aliyekuwa nyumbani akiuguza mfupa uliovunjika.