Saa 9:15 asubuhi ni saa ngapi?

SWALI: Nafanya kazi ya kuchota sampuli za maji Ziwa Victoria, upande wa Kisumu. Lebo zetu huandikwa kwa Kiswahili. Mwenzangu huandika "saa 9:15 asubuhi" kwa kuwa ndivyo simu yake inavyoonyesha. Mimi huandika "saa 3:15 asubuhi". Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe. Ukishatamka "saa", umeingia katika hesabu ya Kiswahili, ambayo asubuhi yake haina saa tisa. Saa 9:15 ni ya alasiri, au ya usiku wa manane. Mwenzako amechukua tarakimu za simu akazivisha kanzu.

Kwenye kadi ya mwaliko kosa hilo lingezua kicheko tu. Kwa maji ya ziwa, tofauti ya saa sita ni kubwa. Mchana mwani hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku kucha viumbe wa majini huitumia tu. Ndiyo maana kipimo chake huwa chini karibu na alfajiri, kikapanda hadi alasiri. Chupa ya saa 3 asubuhi ikisomwa kuwa ya saa 9 alasiri, mtu wa maabara ataandika habari za ziwa jingine kabisa.

Kwenye lebo mimi ningeandika 09:15, kwa mfumo wa saa 24, pasipo neno "saa", na ile sifuri isidondoshwe. Kwenye ripoti andika: "Sampuli ilichotwa saa 3:15 asubuhi." Mifumo yote miwili ni halali, ila isikutane kwenye mstari mmoja.

Kasheshe kubwa zaidi ni usiku. Sampuli ya saa 7 "usiku wa Jumanne" ni ya lini? Wazee wa pwani, ambao siku yao huanza jua likizama, watakwambia ni usiku unaotangulia mchana wa Jumanne. Karani wa ofisini huenda akamaanisha ule unaoufuata. Lugha ina dawa yake: "usiku wa kuamkia Jumanne". Hapo habishi mtu. Kwenye lebo weka 01:00 na tarehe ya Jumanne.

Halafu hiyo "Sampuli 3" inayoonekana kwenye picha ya chupa uliyonitumia: ni sampuli tatu, au ni ya tatu? Andika "Sampuli Na. 3", tena ubavuni mwa chupa. Umeiandika kwenye kifuniko, na vifuniko huhama.