Usimtoe shule kwa neno la wakala wa kikapu

Dada yangu, usimtoe shule. Umeandika kwamba kijana ana miaka 17, yuko kidato cha tatu hapa Tanga, ana futi 6 na inchi 7 na bado anarefuka, na kuna wakala anataka aache shule mwezi wa kwanza akakae kambini Dar wakati karatasi za Marekani zinashughulikiwa. Nimesoma uzi wako nikashindwa kulala. Maneno ni yaleyale tuliyoambiwa sisi.

Mpwa wangu alikuwa senta, yaani yule mrefu anayecheza karibu na kikapu, mikono mirefu, mtoto mtulivu. Wakala akaja nyumbani Ngamiani, akakaribishwa, akala wali wa nazi na samaki wa kupaka, kisha akawaeleza wazazi kwamba kwa kimo kile mtihani wa kidato cha nne ni kupoteza muda. Marekani ataanza upya, shule ya serikali, bure, baada ya hapo chuo, baada ya chuo NBA, ile ligi kubwa ya kulipwa ya kikapu ya Marekani. Mimi mjomba mtu nilikaa palepale na nikasema ndiyo. Kikauzwa kipande cha shamba la michungwa Muheza.

Kila ninayemsimulia huniuliza zilikwenda shilingi ngapi. Jamani, shamba hununuliwa tena! Kilichotuumiza ni ule muda wa kambini bila daftari wala mwalimu. Asubuhi mazoezi, jioni mazoezi, kati yake kulala na simu. Wenzake wakaingia chumba cha mtihani, matokeo ya NECTA yakatoka, shule yake ikabandika majina ubaoni, lake halimo. Viza haikuja. Wakala akabadilisha laini.

Halafu ikaja nafasi ya kweli, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Kocha wa chuo kimoja cha Marekani alimwona mtoto akicheza Dar, akampenda waziwazi. Swali lake la kwanza lilikuwa matokeo ya shule. Tukababaika. Akauliza tena, kwa upole kabisa, kama kuna cheti chochote cha sekondari. Hakuna. Akashukuru, akaondoka, na hatukusikia tena kutoka kwake.

Sababu yake si roho mbaya. Michezo ya vyuo vikuu vingi kule inasimamiwa na chama kiitwacho NCAA, na mtoto akitaka kucheza Divisheni ya Kwanza, ngazi yao ya juu, lazima awe amemaliza sekondari, awe na masomo 16 ya msingi, yaani Kiingereza, hisabati, sayansi, maarifa ya jamii na mengine ya aina hiyo, na wastani usiopungua 2.3 kwa alama za kwao. Kibaya zaidi ni muda. Saa inaanza kuhesabiwa mtoto anapoingia darasa la tisa kwa hesabu yao, na haisimami kwa sababu wewe uko kambini. Anayeacha na kurudi baadaye anakuta miaka imeshakatwa. Mpwa wangu sasa anasoma jioni ili afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ninajivunia sana jitihada zake, lakini ule mlango umebana.

Wakala alijua haya? Ama alijua akadanganya, ama hakujua na bado akathubutu kumtoa mtoto wa watu darasani. Sijui lipi ni baya zaidi. Hiyo "shule ya serikali bure" haipo kwa mgeni anayekwenda kwa viza ya mwanafunzi. Sheria ya Marekani inamtaka mwenye viza hiyo, inayoitwa F-1, alipe gharama yote ya shule ya sekondari ya serikali, na asizidi miezi 12 hapo. Wanaosoma kwa msaada wengi wako shule binafsi, na shule ndiyo inayoandika fomu ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, kwa jina la mtoto. Fomu hiyo haitoki kwa wakala. Ukipewa risiti nzuri na picha aliyopiga na mchezaji maarufu, dai I-20, kisha piga simu mwenyewe shuleni.

Watamtaja Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu aliyecheza NBA, najua, sote tunamtaja. Basi mtazame vizuri. Kijana wa Dar, futi 7 na inchi 3, alipofika Marekani aliingizwa sekondari, akamalizia shule ya binafsi Houston, akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, akacheza misimu mitatu, ndipo klabu ya Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili kwenye drafti ya 2009, yaani ile siku klabu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Nyuma yake walikuwapo James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Msimu huohuo wa kwanza akateremshwa ligi ndogo, kisha akapitia klabu za Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 NBA ikawa imekwisha kwake. Baadaye amecheza Japani na Taiwan. Wanaomcheka hapa barazani wananikera, maana hakuna Mtanzania aliyefika pale kabla yake. Ninachokuonyesha ni kwamba hata mtu wa kimo kile hakuruka darasa, na hata aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti, NBA yake ilikuwa miaka mitano.

NBA wenyewe walipofungua akademi Senegal mwaka 2017, vijana waliowachukua walisomeshwa huku wakicheza. Anayemtaka mwanao kwa dhati atamtaka na madaftari yake.

Na wakala akikugeuzia maneno kwamba basi ampeleke klabu Uturuki au Misri, kumbuka FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, hairuhusu mchezaji kuhamia nchi nyingine kimchezo kabla ya miaka 18 ila kwa sababu maalumu, na mawakala wenye leseni majina yao yako kwenye tovuti ya FIBA. Litafute la huyo wako.

Uliuliza pia viatu na chakula cha kumjaza mwili. Wengine humu watakujibu, mimi akili yangu yote iko kwenye hilo darasa.

Jumatatu nenda kwa mwalimu wa taaluma, mwambie mtoto haondoki, uliza usajili wa kidato cha nne mwakani unataka nini, na hakikisha jina na tarehe ya cheti cha kuzaliwa vinafanana na vya shuleni. Mazoezi aendelee nayo jioni kama kawaida. Kama wakala amekwambia lazima uamue wiki hii, nitumie jina lake kwa ujumbe wa faragha leo hii, nikwambie kama ni yuleyule.