Plastiki zinazooza: maswali yenu

Nilifukia bustanini kikombe kilichoandikwa "kinaoza". Mwaka umepita, kiko vilevile. Nimedanganywa?

Nusu nusu. Vikombe vingi vya namna hiyo ni vya PLA, poliesta inayotengenezwa kwa asidi ya laktiki. Minyororo yake ya molekuli ni mirefu mno kwa bakteria. Lazima kwanza maji yaikatekate kwenye viungo vya esta, yaani maungio ya minyororo hiyo, ndipo bakteria wapate vipande wanavyoviweza. Ila PLA huanza kulainika karibu na nyuzijoto 60. Chini ya hapo maji huifanyia kazi polepole sana. Mtambo wa mboji hufika 58, udongo wako haufiki. Kipimo cha Ulaya, EN 13432, kinadai asilimia 90 ya kaboni igeuke hewa ukaa ndani ya miezi 6, lakini katika joto la mtambo. Lebo zinalitaja hilo kwa maandishi ya kutafuta kwa tochi, kama zinalitaja.

Ikishasagika isionekane, si imeoza?

Bado. PLA hukatika hadi ndani, si juu tu: kikombe hupauka, kinakuwa kigumu, kisha ukikibonyeza kinapasuka kama ganda la yai. Chembe hizo ni plastiki. Kipimo hichohicho hutumia pia chekecheo la milimita 2, na chembe inaweza kupita hapo bila kuliwa hata kidogo. Ndiyo maana maabara hupima hewa ukaa inayotoka, macho hayatoshi.

Mwisho hubaki nini?

Penye hewa: hewa ukaa, maji na miili ya bakteria walioshiba. Pasipo hewa, huongezeka methane. Katikati hupita asidi ya laktiki, ileile ya maziwa yaliyochacha, nayo huliwa upesi. Mifuko laini ya PBAT, plastiki nyingine inayooza, hutoa asidi ya tereftaliki, ambayo pia ina walaji wake. Mimi hunisumbua zaidi vilivyochanganywa humo: rangi, wino, chaki. Chaki ni madini, haina cha kuoza. Rangi hutegemea mtengenezaji.

Baharini je?

PLA hukaa miaka. PHA, plastiki ambayo bakteria wenyewe huitengeneza kama akiba ya chakula, huliwa hata huko.

Basi kikombe changu nikitupe pamoja na chupa za maji?

Usifanye hivyo. Chupa hizo ni PET, poliesta pia, lakini haiozi. Hurejelezwa kwa kuyeyushwa kwenye joto kubwa kuliko la PLA. PLA ikiingia humo, chupa mpya hupoteza ung'avu wake. Tafuta anayepokea taka za mtambo wa mboji. Akikosekana, kitaenda na taka za kawaida.