Jibu: Hati, vyeti na dhahabu za familia zikae wapi?

Mkuu, umeuliza hati ya nyumba, vyeti na dhahabu za mama zikae wapi: sefu ya nyumbani, benki, au kwa wakili. Nimekuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu baba, kwa hiyo nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza. Warithi wako wanajua una nini?

Mzee wetu alikuwa mtunzaji hodari. Hati ilikuwa safi, vyeti vyote viko kwenye bahasha, hakuna karatasi iliyoguswa na mchwa. Kilichotutesa ni mali alizozijua peke yake. Msibani mtu mmoja akataja hisa, mwingine akataja shamba ambalo mzee alilipia nusu. Tukaanza kuzunguka ofisini tukiuliza jina lake. Na msimamizi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, labda mahakama imwongezee muda. Miezi hiyo inakimbia kweli ukiwa bado unaulizia.

Kwa hiyo kabla ya kununua sefu, andika orodha. Kiwanja, namba yake na kitalu, na hati au mkataba wa mauziano ulipo. Benki na tawi. Hisa, vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT, SACCOS, kikoba, bima ya maisha. Mfuko wa hifadhi ya jamii pia: PPF, PSPF, LAPF na GEPF ziliunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, lakini kadi ya zamani yenye namba ya uanachama usiitupe. Andika unaowadai na wanaokudai. Tia tarehe na saini, nakala moja abaki nayo mwenzi wako, nyingine mtu mwingine unayemwamini. Orodha hiyo haimgawii mtu chochote, inaonyesha tu njia.

Wosia ndio wenye mtego. Kuna watu wanaufungia benki, kwenye sanduku lenye jina lao peke yao. Siku wakifariki, benki inataka msimamizi mwenye barua ya mahakama, na mahakama nayo kabla ya kuteua msimamizi inauliza kama marehemu aliacha wosia. Familia inabaki katikati. Mimi ningeupeleka RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanahifadhi wosia, au kwa wakili, na ningemwambia angalau mtu mmoja uko wapi. Angalia na mashahidi: kwa sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, asiyejua kusoma wanne, wakiwemo ndugu na wasio ndugu. Kama ni Muislamu, wosia hauvuki theluthi ya mali, hivyo pitia kwanza kwa sheikh anayeijua mirathi.

Hati yenyewe ikae benki au kwenye sefu nzito iliyofungwa kwa bolti ukutani. Vile visefu vidogo mwizi anaondoka navyo kwapani. Kama huna uwezo huo, mfuko wa plastiki wa zipu ndani ya boksi la chuma, juu, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu. Vyeti usivigandishe kwenye plastiki (lamination). Risiti za mashine hufutika wino, zitoe kopi mapema.

Piga picha kila ukurasa wa hati. Ikipotea utapita polisi, utakula kiapo, tangazo litoke kwenye Gazeti la Serikali kabla Msajili wa Hati hajatoa nyingine, na bila namba ya hati hata kuanza ni kazi.

Dhahabu za mama zipigwe picha pamoja na uzito na risiti, na iandikwe wazi kwamba ni zake. Nimeona shemeji wakihesabu bangili za mjane kuwa mali ya marehemu, na mama wa watu hana hata kikaratasi cha kujitetea. Hili nakuomba ulifanye wiki hii.

Namba za siri za simu na benki usiziweke kwenye orodha. Fedha hizo msimamizi atazipata kwa barua ya mahakama. Anayezitoa kimyakimya kwa namba ya siri baada ya mazishi atakuja kuulizwa na warithi wenzake.