Maswali ya lugha: Mgema na mpika gongo

"Magazeti ya kwetu huandika 'wagema wa pombe haramu wanaswa'. Mwalimu wangu wa Kiswahili alisema mgema ni mtu wa mnazi. Nani kakosea?" (Msomaji, Nakuru)

Mwalimu wako hakukosea. Kugema ni kukata mti ili utoe maji yake. Mgema wa Kilifi au Pangani hukwea mnazi na kotama yake, kisu cha kugemea, kiunoni, akakata ncha ya karara, yaani ganda linalofunika maua ya mnazi, akafunga chombo, akashuka. Baadaye hupanda tena kuchukua tembo lililodondoka. Kule Iringa hugemwa ulanzi kutoka kwenye mianzi michanga, na hata mpira hugemwa. Kote huko hakuna moto. Mti unatoa, mtu anakinga.

Gongo, au chang'aa kama mnavyoiita, ina njia nyingine kabisa. Kwanza kitu kichachushwe, kisha kichemshwe ndani ya pipa lililofunikwa, mvuke upite kwenye mrija unaopozwa kwa maji, utoke matone matone. Huko ni kupika, na anayefanya hivyo ni mpika gongo, au mpika chang'aa ukiwa Kenya.

Wahariri nawaelewa. "Watengenezaji wa pombe haramu" humaliza nafasi yote ya kichwa cha habari, "wagema" ni herufi sita tu. Na kwa kuwa wasomaji wa Kenya wameshazoea, siwezi kusema neno hilo halieleweki. Lakini linanikera, hasa linapobandikwa kwa watu ambao hata kupika hawapiki. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, wengi wao mtaani Mukuru, baada ya kunywa "kumi kumi" iliyotiwa methanoli. Aliyemimina kemikali ile hakugema wala hakupika kitu. Ukimwita mgema unamtukana mzee wa watu aliye juu ya mnazi wake. Mwite mchanganya sumu.

"Kwa nini tunasema mpika gongo na si mpishi wa gongo?" (Msomaji, Morogoro)

Mpishi husimama peke yake: "mpishi wetu kaumwa". Mpika hawezi, ni lazima afuatwe na kinachopikwa, kama mpiga ngoma au mvunja kuni. Ukisema "yule ni mpika" ukanyamaza, watu watasubiri umalizie. Wingi ni wapika gongo. "Mpishi wa gongo" si kosa la sarufi, ila masikioni mwangu linamvalisha mtu aproni.

"Ninyi waandishi mnasema 'pombe haramu'. Ipi ni halali?" (Msomaji, Unguja)

Hapo umenibana. Kwa Mwislamu, pombe haramu ni sawa na kusema maji majimaji. Ila haramu ya Kiswahili cha leo ina mlango wa pili, wa serikali: uvuvi haramu, silaha haramu, biashara haramu. Katika mlango huo samaki mwenyewe ni halali, kosa liko kwenye baruti iliyomuua.

Kwa hiyo kinywaji kilekile huweza kubadili jina bila kubadili ladha. Kenya ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980, kisha sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile watu waliyoiita "sheria ya Mututho" kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, ikaifuta marufuku hiyo na kuweka masharti ya leseni. Tangu hapo chang'aa yenyewe si haramu kisheria, haramu ni ile iliyopikwa bila leseni. Mwandishi makini angesema "chang'aa isiyo na leseni". Ni maneno mengi, najua.

"Nimesoma kwamba mtu alishitakiwa kwa kukutwa na moshi. Moshi unakamatwaje?" (Msomaji, Dodoma)

Kwa chupa, ndugu yangu. Moshi ni jina jingine la gongo, na ndilo lililoingia kwenye sheria ya Tanzania ya mwaka 1966 kuhusu utengenezaji wake. Mji wa Kilimanjaro haumo kwenye kesi hiyo. Mitaani utasikia pia piwa na machozi ya simba. Ukivuka mpaka kuingia Uganda ni waragi, Rwanda na Burundi ni kanyanga, Kongo ni lotoko.

"Mama pima ni tusi?" (Msomaji, Kisumu)

Inategemea nani anasema. Mnywaji akimwita mwenye nyumba hivyo, ni jina la kazi: yeye ndiye anayepima kwa glasi. Polisi akisema, ni mashtaka. Jambo la kuangalia ni kwamba mama pima ni muuzaji. Huenda anapika mwenyewe, huenda ameletewa kwenye dumu. Usimfanye mpika bila ushahidi.

"Katika 'mgema akisifiwa tembo hulitia maji', hiyo -li- ni ya nini? Si tungesema humtia?" (Msomaji, Lindi)

Humtia ni kwa tembo mwenye mkonga. Tembo la kunywa liko kwenye ngeli ya li-ya: tembo hili tamu, tembo lile kali. Ukiandika humtia, mgema wako atakuwa anamnywesha ndovu.